Mbona kila filamu ya The Call of the Wild inamkimbia Buck wa kitabuni?

#1 Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Wiki hii nimekisoma tena The Call of the Wild cha Jack London, halafu nikaitazama upya filamu ya 2020, ile ya Harrison Ford. Nimekereka, na nataka tulijadili. Kitabu kilitoka 1903, kimetengenezewa filamu mara kadhaa, lakini sijaona hata moja iliyomwacha Buck awe yule aliyeandikwa.

Kwa ambao hawajakisoma: Buck ni mbwa wa nyumbani kwa Jaji Miller, bonde la Santa Clara, California. Baba Saint Bernard, mama mbwa mchungaji wa Scotland, uzito ratili 140, kama kilo 63 hivi. Mwaka 1897 dhahabu ya Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, imewapandisha watu wazimu, na mbwa wakubwa wenye manyoya mengi wamegeuka mali. Msaidizi wa mtunza bustani, mcheza kamari mwenye madeni, anamtoa nyumbani usiku kama wanakwenda matembezi na kumuuza stesheni. Huko mbele anakutana na mtu wa sweta jekundu mwenye rungu, anapigwa mpaka anajua rungu ni nini. Kuanzia hapo ni kuvuta sleji, lile gari la theluji lisilo na magurudumu, ni baridi, njaa na meno. Anajifunza kuiba chakula. Anamuua Spitz, mbwa kiongozi, na kuchukua nafasi yake. Mwishoni anawararua watu waliomuua John Thornton, bwana wake wa mwisho, kisha anaingia porini na mbwa mwitu.

Kwenye filamu ya 2020 hata Spitz hafi! Wanakwaruzana, Spitz anaondoka zake. Waongozaji wanaogopa nini?

#2 Kibaraza
Pesa, mkuu. Mzazi akipeleka watoto anakata tiketi nne. Hawezi kuwapeleka kuona mbwa anatoboa watu koo.

#3 Reli ya Kati
#2, hesabu yako haisimami. Hiyo ya 2020 bajeti ilitajwa kati ya dola milioni 125 na 150, na tiketi dunia nzima zikaleta kama milioni 111. Kama walimlainisha Buck kwa ajili ya pesa, pesa yenyewe haikuja.

#4 Kibaraza
Ilitoka tarehe 21 Februari 2020. Wiki chache baadaye majumba ya sinema yamefungwa kwa corona karibu kila nchi. Filamu gani ingerudisha hela hapo?

#5 Bi Mkubwa wa Filamu
Mmeanzia mwisho. Tatizo ni la zamani kuliko Harrison Ford. Tazameni ya 1935, ya mwongozaji William Wellman. Walimchukua Clark Gable awe Thornton, na Loretta Young awe mwanamke anayedhaniwa mjane. Kuanzia dakika hiyo filamu ikawa ya mapenzi, Buck anapita pembeni. Jaji Miller hayumo, sweta jekundu halimo, na Thornton hafi! Ukishamlipa nyota wa kiwango cha Gable, kamera haiwezi kukaa kwa mbwa. Ya 1972 wakamweka Charlton Heston, ya 1997 Rutger Hauer, ya 2020 Ford. Kila mara jina kubwa kwenye bango ni la Thornton, na Thornton kitabuni haonekani mpaka sura ya tano kati ya saba.

Kwangu jibu ni hilo. Kisa cha mbwa kinaporwa na binadamu wa bangoni.

#6 Mwana wa Nyasa
Nyongeza kwa #5: ya kwanza kabisa ilikuwa ya D. W. Griffith, 1908. Filamu fupi ya kimya.

#7 Bi Mkubwa wa Filamu
Hapana, #6. Hiyo ya Griffith imebeba jina tu. Inamhusu kijana Mhindi Mwekundu mcheza mpira aliyekataliwa na mwanamke mzungu, haina Buck wala sleji. Filamu ya kimya inayotokana na kitabu ni ya 1923, ya Fred Jackman, chini ya Hal Roach. Na ile angalau ilimpa mbwa nafasi.

#8 Mwana wa Nyasa
Asante, mama.

#9 Daktari wa Mifugo
Niseme kwa upande wa taaluma. Mnawalaumu waongozaji, lakini fikirieni kazi yenyewe. Kitabu kinadai mbwa aliyekonda hadi mbavu zihesabike, mbwa wawili wapigane mpaka mmoja afe, kundi zima limrukie mbwa mwenzao Curly na kumchana. Nani atafanya hivyo na wanyama hai? Mbwa wa sinema amefundishwa kukaa, kubweka, kukimbia kutoka kwa mtu hadi mtu. Hajafundishwa kukonda.

Halafu kuna kumpata Buck mwenyewe. Huyu wa kitabu ni chotara mwenye mwili wa Saint Bernard na umbo la mbwa mchungaji. Mwaka 1972 walitumia German Shepherd. Mwaka 1997 walitumia Leonberger, ambaye ukubwa anao ila ana sura ya upole mno. Mwaka 2020 wakaona bora mbwa asiwepo kabisa: mtu anayeitwa Terry Notary, aliyewahi kuwa mwanasarakasi, alikuwa anatembea kwa miguu na mikono mbele ya Ford, halafu kompyuta ikamvika manyoya. Umbo la mbwa walilichukua kwa mbwa halisi aitwaye Buckley, ambaye mke wa mwongozaji Chris Sanders alimtoa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa.

#10 Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Daktari, hoja yako inaniumiza zaidi. Kwa miaka yote kisingizio kilikuwa mbwa hai hawezi kuigiza. Mwaka 2020 kisingizio kimeisha, kompyuta inaweza kuonyesha lolote bila mnyama kuguswa. Wakaitumia kufanya nini? Wakampa nyusi za kibinadamu. Anashangaa kwa nyusi, anaona haya kwa nyusi.

#11 Mama Watatu
Jamani mnamwonea. Mimi niliitazama na wanangu sebuleni. Mdogo alilia pale Thornton alipokufa, akaniuliza maswali mpaka usiku. Kesho yake mkubwa akakiomba kitabu. Filamu iliyompeleka mtoto kitabuni siiiti hasara.

#12 Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Alipokisoma alisemaje?

#13 Mama Watatu
Alikasirika kama wewe. Kuhusu Dave.

#14 Mkulima wa Mbulu
Nilikuwa napita tu, jina la Dave limenisimamisha.

Wasiosoma: Dave ni mbwa anayefungwa karibu kabisa na sleji. Hana maneno, hapendi kuchezewa, furaha yake ni kuvuta. Njiani kutoka Dawson, mji wa wachimbaji, anaugua tumboni, hakuna anayejua nini. Dereva anamfungua ili akimbie huru nyuma ya sleji apumzike. Dave hataki. Anakimbia kwenye theluji laini pembeni, anajaribu kumsukuma Sol-leks aliyepewa nafasi yake, analia. Wanaposimama, anazitafuna kamba za Sol-leks mpaka zinakatika, kisha anasimama mbele ya sleji mahali pake, macho yanaomba. Wakamfunga tena, akavuta huku anaanguka. Asubuhi ya pili hawezi hata kusimama. Anatambaa kuelekea kwa wenzake, anatanguliza miguu ya mbele, anauburuta mwili. Msafara ukaondoka, ukasimama nyuma ya miti ya mtoni, dereva akarudi peke yake. Mlio mmoja wa bunduki. Mbwa wote walijua.

Mjomba wangu alikuwa na mbwa wa kuchunga, Simba. Alipozeeka nyonga zilikufa, mjomba akaamua abaki nyumbani, akamfunga kwenye nguzo ya ghala. Ng'ombe walipotoka Simba alilia mpaka wakapotea machoni. Jioni tukakuta kamba imetafunwa. Alikuwa mtoni, nyuma ya ndama wa mwisho, anatembea ubavuubavu. Mjomba hakumfunga tena. Alikuwa anawapeleka ng'ombe taratibu ili mzee awahi.

Sasa niambieni, hapo kuna damu gani ya kuwatisha watoto? Hakuna. Na bado filamu inapita hapo mbio. Kwa hiyo hoja ya #2 na ya daktari zote hazitoshi.

#15 Kibaraza
#14 umenipiga pabaya. Nakubali Dave angeweza kuonyeshwa.

#16 Nakuru Finest
Wadau, swali. Huyu Buck si ndiye yule nusu mbwa mwitu aliyekuwa na Ethan Hawke? Niliiona nikiwa primary, kwa jirani, kaseti ya VHS.

#17 Bi Mkubwa wa Filamu
Huyo ni White Fang, kitabu kingine cha London, 1906. Kinakwenda njia ya kinyume: Buck anatoka kwenye zulia la jaji kwenda porini, White Fang anazaliwa porini na kuishia kwenye shamba la jaji California. Filamu uliyoiona ni ya Disney, 1991, waliipigia Haines, Alaska. Yule mbwa anaitwa Jed. Ukiwa na macho makali utamtambua pia kwenye The Thing ya 1982, ndiye anayekimbizwa kwenye theluji mwanzoni.

#18 Nakuru Finest
Ile ya kutisha? Siwezi kuamini, ni mbwa yuleyule! Narudi kuitazama leo.

#19 Mwana wa Nyasa
Waitaliano nao walifanya yao, Zanna Bianca, 1973, Lucio Fulci na Franco Nero. Inavyoonekana White Fang anawafaa zaidi watu wa sinema, maana anaishia kupendwa nyumbani. Buck anaishia kutokuwa wa mtu. Labda ndiyo sababu yenyewe, mleta mada. Watazamaji wanavumilia mbwa afe, hawavumilii mbwa asituhitaji.

#20 Mhamiaji wa Yukon
Nawasoma kutoka Whitehorse, Kanada, nimehamia huku na familia. Kuna jambo hamjaligusa.

Kitabuni wanaomuua Thornton ni kabila la "Yeehats". Kabila hilo halipo, London alilitunga. Bonde lenyewe la Klondike ni la watu wa Tr'ondëk Hwëch'in, walikuwa wanavua samoni pale mto Klondike unapoingia Yukon. Dhahabu ilipopatikana Agosti 1896 kwenye kijito kilichokuja kuitwa Bonanza, waliokuwepo ni Mmarekani George Carmack pamoja na Skookum Jim na Dawson Charlie, ambao ni Watagish. Mwaka uliofuata Chifu Isaac akawahamisha watu wake hadi Moosehide, chini kidogo ya mto, kuwaepusha na fujo za Dawson. Hao ndio wenyeji ambao kitabu kinawafanya wauaji wasio na sura, na mbwa anawaua kwa ushindi.

Leo huwezi kuuweka mwisho huo kwenye filamu ukawaangalia watu wa huku usoni. Mwaka 2023 UNESCO waliiandikisha Tr'ondëk-Klondike kuwa Urithi wa Dunia, na historia inayosimuliwa ni ya wenyeji kwanza. Mimi nakipenda kitabu, nimekwenda Dawson kukiona kibanda cha London, lakini mwisho ule wangeubadilisha tu.

#21 Reli ya Kati
Hoja nzito, ila inaeleza filamu ya 2020 peke yake. Hollywood ya 1935 haikuwa na huruma yoyote na wenyeji, na bado waliukimbia mwisho.

#22 Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Mhamiaji, asante sana, hilo la Moosehide silisikii mara nyingi. Lakini kubadilisha muuaji ni jambo moja, kumbadilisha Buck ni jingine. Wangeweza kumwacha aue.

#23 Mama Watatu
Lakini anaua! Kwenye ya 2020 Hal, mmoja wa mabwana wakatili wa Buck, ndiye anayempiga risasi Thornton, na Buck anamsukuma ndani ya kibanda kinachoungua. Rudieni.

#24 Mhamiaji wa Yukon
Kweli kabisa. Na kuhusu kibanda cha London nilichokitaja: alikaa majira ya baridi ya 1897 hadi 1898 karibu na kijito cha Henderson, akashikwa na kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda, akarudi California bila dhahabu ya maana. Miaka ya 1960 kibanda kilipatikana msituni. Magogo yakagawanywa vikajengwa viwili, kimoja Dawson, kingine Oakland alikokulia. Ndani ni padogo, ukinyoosha mikono unahisi kuta zimekukaribia. Hapo ndipo alipowasikia wachimbaji wakisimulia usiku kucha.

#25 Mwanafunzi wa Fasihi
Na Buck alikuwa mbwa wa kweli. Dawson alikuwepo mbwa aitwaye Jack, chotara wa Saint Bernard, mali ya ndugu wawili, Marshall na Louis Bond. Baba yao, Hiram Bond, alikuwa jaji mwenye shamba Santa Clara. Kwa hiyo nyumba ya Jaji Miller haikutoka hewani.

Mengine aliyatoa kwa mmisionari Egerton Young, aliyeandika kuhusu mbwa wake wa kaskazini mwaka 1902. London alituhumiwa kunakili, akajibu kwamba ndiyo, alikitumia kama chanzo na alimwandikia Young kumshukuru.

#26 Kibaraza
Kwa hiyo mnawalaumu wa filamu kwa kubadilisha kisa ambacho mwenyewe alikiokota huku na kule?

#27 Mwanafunzi wa Fasihi
Kuokota si dhambi, mkuu. Soma Young uone tofauti. Kwake mbwa ni visa vya safari, kwa London kuna akili inayobadilika.

Na hapo ndipo naweka jibu langu kwa mleta mada. Kitabu kiko ndani ya kichwa cha Buck, lakini msimulizi ndiye anayefikiri kwa niaba yake. Sentensi ya kwanza tu inasema Buck hakusoma magazeti, ndiyo maana hakujua kinachokuja. Anapoota moto kambini anaona mtu mwingine, mfupi wa miguu, mwenye nywele mwilini, anayeogopa giza. Ni kumbukumbu ya kale kuliko yeye. Kamera itaionyeshaje bila kuwa kichekesho? Ukinyamaza, una mbwa tu anayetazama moto. Ukiongea, unamgeuza binadamu.

London alipigwa kwa hilohilo enzi zake. John Burroughs mwaka 1903 aliwashambulia waandishi wanaowapa wanyama akili za watu, na 1907 Rais Theodore Roosevelt akamtaja London kwa jina, akikosoa mapigano ya White Fang. London akajibu 1908 kwamba alijitahidi mara kwa mara kusema mashujaa wake hawafikirii kama watu, wanaongozwa na silika na hisia. Filamu ya 2020 imefanya kosa ambalo mwandishi alitumia nguvu nyingi kulikana.

#28 Bi Mkubwa wa Filamu
Basi ya 1997 ilipata njia ya kati. Richard Dreyfuss anasimulia, mbwa anabaki mbwa. Ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu, na wengi hawaijui kwa sababu ilikuwa ya televisheni. Mleta mada, umeiona?

#29 Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Nimeiona. Mfuatano wa matukio inauheshimu, hilo sibishi. Lakini kusomewa si kuonyeshwa. Natafuta filamu ambayo ukizima sauti bado unajua Buck amebadilika.

#30 Nakuru Finest
Kwa hayo mimi nawapa Togo, ya 2019, Willem Dafoe. Mbwa hai, theluji ya kweli, hakuna anayezungumza kwa niaba yake. Ile safari ya kupeleka dawa ya dondakoo Nome, 1925. Balto ndiye aliyejengewa sanamu New York lakini Togo ndiye aliyekwenda mbali zaidi.

#31 Daktari wa Mifugo
Na aliyemwigiza, Diesel, ni wa ukoo wa Togo mwenyewe. Ila #30, pale kuna kisa cha upendo kati ya mtu na mbwa mwanzo hadi mwisho. Ni rahisi kuliko cha Buck. Buck anamwabudu Thornton na bado anasikia mwito unaomtoa kwa Thornton.

#32 Mkulima wa Mbulu
Nimerudi. Kuna asubuhi moja kitabuni nisiyoiona ikitajwa. Miguu ya Buck ilikuwa laini, ya mbwa wa nyumbani, inapasuka kwenye barafu. François, dereva, akakata sehemu za juu za viatu vyake mwenyewe vya ngozi akamshonea vinne vidogo, na kila usiku akamsugua miguu nusu saa. Asubuhi moja akasahau kumvalisha. Buck akalala chali, miguu yote minne juu, akaipungapunga, akakataa kusogea. Perrault, mwenzake François safarini, mtu mkavu yule, akacheka.

Ndiyo maana siamini kwamba wanakimbia ukali tu. Wanaukimbia upole pia, kwa sababu upole wa kitabu ni wa kikazi. Miguu ikikomaa viatu vinatupwa. Sinema inataka upole unaodumu.

#33 Kibaraza
Hii ya #32 ndiyo iliyonikaa zaidi mpaka sasa. Lakini bado naamini pesa imo.

#34 Reli ya Kati
Mimi nasema sinema inahitaji mtu mbaya, basi. Mwangalieni Hal. Kitabuni Hal, dada yake Mercedes na mumewe Charles ni watu wa mjini wasiojua kitu. Wana mbwa 14 kwa sleji moja, na hawajui kwamba sleji moja haibebi chakula cha mbwa 14. Mwanzo wanawalisha kupita kiasi, kisha chakula kinaisha, kisha rungu. Thornton anawaambia barafu imeoza, msiende. Wanakwenda, na mto unawameza mbele ya macho yake, watu na mbwa. Hakuna aliyewahukumu. Filamu ya 2020 ikamfufua Hal awe adui wa kuwinda watu mpaka mwisho. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko la Spitz.

#35 Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Kuliko la Spitz? Sikubali. Mhamiaji, wewe uko huko: barafu ya mto inaweza kubeba sleji leo na kesho ikammeza mtu?

#36 Mhamiaji wa Yukon
Inaweza kabisa, mleta mada. Dawson wanaweka kumbukumbu ya siku ambayo barafu ya Yukon inavunjika tangu 1896, na watu huwekeana dau kila mwaka. Mara nyingi huwa Mei. Wanasimamisha kitu barafuni kilichounganishwa kwa waya na saa ufukweni, barafu ikisogea saa inasimama. Kabla ya hapo juu unaona peupe na pagumu, chini maji yameshaila. Wazee wa huku hawaangalii rangi, wanagonga kwa fimbo na kusikiliza. Perrault wa kitabuni naye alikuwa anatembea mbele na fimbo ndefu ameishika kwa mapana, ili akitumbukia ikwame kwenye kingo za tundu. Hal hakuwa na fimbo.

#37 Mama Watatu
Mkubwa wangu anasoma uzi huu begani kwangu. Anauliza White Fang ni kurasa ngapi.